Miji Mitatu ya Nandonde

Mtu akilala kati ya alasiri na magharibi, watu wa kwetu husema yatakayomkuta kajitakia, na Nandonde analijua hilo kama anavyoijua njia ya kwenda chooni, lakini siku saba bila usingizi hazina adabu, zinamkalisha kwenye kigoda ndani ya banda lake la kuchongea, zinamshika kisogo, zinamwinamisha taratibu kama mtu anayemwonyesha kitu kilichodondoka chini. Tezo bado iko mkononi. Mbele yake, kwenye mkeka kivulini, amelala mwanawe Somoe, miaka tisa, macho wazi, mdomo umefungwa, na leo ni siku ya saba. Hajasema neno tangu asubuhi ile alipoamka akamtazama baba yake kama mtu anavyotazama ukuta. Hospitalini walimpima kila kinachopimika, hawakuona kitu, wakamrudisha kwa upole. Ndipo Esha, dada yake Nandonde, mwanamke asiyejua kusubiri hata maji yachemke, alipokwenda kumleta Bi Nampembe, fundi wa pepo. Na Bi Nampembe kamfanyia mtoto kama desturi inavyotaka, kamfukiza ubani, kamuuliza aliyemkalia jina lake, maana pepo akishajitaja jina mambo huwa rahisi, huulizwa anataka nini, hupewa, huondoka kama mgeni yeyote aliyeshiba. Nimemuuliza kwa Kimakonde, kasema Bi Nampembe mchana huu, nimemuuliza kwa Kiyao, nimemuuliza kwa Kiswahili na kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, kimya, pepo gani huyu asiye na kwao? Halafu kageuka, kaviona vinyago vimejipanga chini ya banda, vyeusi, vinang'aa, na sauti yake ikabadilika. Hawa ndio nani? Mashetani hao, mama, kasema Nandonde, watalii wanawapenda. Huyu mwenye ulimi mpaka kitovuni ulimwona wapi? Sikumwona popote, nilimkuta ndani ya gogo. Na huyu wa jicho moja? Huyo gogo lake lilikuwa na fundo, macho mawili yasingeenea. Bi Nampembe hakucheka, na Nandonde si mtu aliyezoea kutochekewa. Ni yeye huyu ambaye msibani huwavunja mbavu wafiwa mpaka marehemu anajuta kukosa. Dunia ilimzaba kofi mapema, mke wake Hadiya alikufa Somoe ana mwaka mmoja, na yeye akagundua kwamba mtu anayecheka hazabwi la pili kwa haraka. Miaka ishirini, kasema Bi Nampembe, miaka ishirini unachonga sura za watu usiowajua, kila mwaka unawaharibu zaidi ya mwaka jana, halafu unashangaa mmoja kaja kukaa kwako. Sikiliza, baba. Jua la leo likizama pepo huyu hajataja jina, mtoto humpati tena. Kisha kaingia ndani na Esha kutafuta makaa mengine. Na Nandonde kabaki kumlinda mwanawe, na sasa kidevu chake kinagusa kifua, na kigoda kinazama.

Anainua kichwa. Mkeka haupo. Mahali ulipokuwa pana alama ya kuburutwa, pana, safi, kama njia ya chatu, na alama hiyo inapita kati ya nguzo mbili za banda, na kati ya nguzo hizo, ambako Nandonde mwenyewe anajua hakuwahi kuweka kitu zaidi ya upepo, pana fremu ya mlango. Mlango wenyewe hakuna. Ni fremu tu. Anapita, maana baba gani angesimama kuuliza fundi ni nani? Upande wa pili kuna barabara ya maganda ya mpingo, yale mabaki meusi yanayoruka kwenye tezo, yamemwagwa na kushindiliwa mpaka mwisho wa macho, na anapotembea yanalia chini ya miguu yake kama kitu kinachotafunwa. Anatembea, na barabara inatembea. Anakata kona, na kona inamsubiri mbele akate tena. Jua limening'inia palepale pa alasiri, halisogei hata ukucha, lakini kivuli chake kinarefuka, kinarefuka, kimekwishamtangulia hatua ishirini na kinazidi kwenda. Jua haliendi na wakati unakwenda, anawaza, basi huku hata saa ni mwongo. Alama ya mkeka inaonekana bado, inapotea, inaonekana.

Kwenye kona ya saba, au ni ileile ya kwanza, amesimama mtu. Mrefu, amejitanda kaniki, na uso hana. Si kwamba umefunikwa, hana, pale pa uso ni laini, panang'aa, kama yai lililochongwa kwa mpingo. Hodi, anasema Nandonde, maana mtu aliyelelewa haingii kwa watu kimyakimya. Karibu, anasema yule, na sauti inatoka kama inavyotoka kwenye chungu kilichofunikwa. Kwa woga Nandonde anafanya lile analolijua, anatania. Ndugu yangu, anasema, wewe umekutana na msasa. Nani alikupiga msasa namna hiyo? Ninyi, anasema yule. Ninyi nani? Wewe na wenzako. Unamtafuta mtoto? Namtafuta, amepita? Kitendawili, anasema yule. Tega, anajibu Nandonde kabla hajafikiri, maana neno lile tangu utotoni lina jibu moja tu, ulimi huwa umeshafika kabla ya mtu. Nina nguo elfu, anasema asiye na uso, zote nimeshonewa na nisiowajua, wala hakuna hata moja niliyopimwa. Kitunguu, anasema Nandonde. Kitunguu kinazaliwa nazo. Maiti. Maiti hupimwa. Nandonde anakuna kichwa, anatazama kivuli chake kinavyoondoka. Nimeshindwa. Nipe mji, anasema yule, na ndivyo ilivyo, aliyeshindwa kitendawili hutoa mji, hata watoto wanajua, hutoa mji mwenzake akaufaidi kwa maneno kabla ya kumpa jibu. Nakupa Mikindani. Na asiye na uso anavuta pumzi, hana pua lakini anavuta. Nilikwenda Mikindani, anasema, nikapokewa, nikatandikiwa, nikakuta wanawake wazuri wa mji, na kila neno analolisema linasimama, nyumba ya mawe inasimama, kichochoro kinafunguka, na Nandonde anajikuta katikati ya Mikindani.

Ni Mikindani na siyo. Anaifahamu, amepeleka vinyago huko mara nyingi, lakini kila kilichokuwa kulia kiko kushoto, milango inafunguka upande usio wake, maandishi ukutani yanasomeka kwa kurudi nyuma, kama mtu ameupiga mji picha na kuigeuza. Na wanawake kweli wapo, wamesimama vichochoroni wawiliwawili, warefu, nywele mpaka kwenye miundi, harufu ya udi inawatangulia, na uzuri wao ni ule bibi yake aliokuwa akiusimulia, uzuri wa kumfanya mwanamume asahau anakwenda wapi. Bibi alikuwa akisema pia, ukimwona mwanamke wa namna hiyo, mjukuu wangu, usimtazame usoni, tazama chini. Nandonde anatazama chini. Kwato. Kwato za punda, zimepasuka, zimepakwa hina juu yake ili zipendeze. Hakuna hata mmoja aliyekaa. Shemeji, anasema aliye karibu, na sauti yake imechoka kama ya muuza samaki jioni, naona una tezo hapo. Ninayo, shemeji. Unikate hizi. Nandonde anacheka kidogo, kwa woga. Shemeji, si ndizo mlizozaliwa nazo? Nani kakwambia? Bibi. Na bibi yako nani kamwambia? Nikuambie mimi, anasema yule mwanamke. Kulikuwa na mlevi mmoja hapa, alitoka ngomani kakuta jua limeshatoka, mkewe kasimama mlangoni na mwiko. Akasema, mke wangu, nusura nife, nimepotezwa njia na mwanamke mzuri mwenye kwato. Mke akaamini. Akamhurumia, akampikia. Na mimi kesho yake nikaamka nazo. Ngoma moja tu hiyo, shemeji, na uongo wa mtu mmoja mwenye njaa. Tangu siku hiyo sijakaa chini, maana hazikunjiki, na kila ninayetaka kumuuliza njia anakimbia anasoma dua. Nandonde anapiga goti, anaigusa ile kwato, ni ya moto, damu inapiga ndani yake kama moyo mdogo. Nikikata hapa utakufa, anasema. Nilijua, anasema mwanamke, lakini wewe ni wa kwanza kugusa. Mtoto wako amepita. Amebebwa juu ya mkeka na yule asiyevaa chochote usoni. Mbele huko.

Mbele huko ni barabara ileile ya maganda, na asiye na uso yuko mbele yake, na anatembea nyuma yake, na yuko ubavuni, hajulikani yuko wapi mpaka aseme. Ni wewe unayembeba mwanangu, anasema Nandonde. Kitendawili. Sitaki vitendawili, nataka mtoto. Kitendawili, anasema yule, na kivuli cha Nandonde sasa kimefika kwenye ukingo wa dunia kinaanza kukunjika. Tega, anasema Nandonde kwa hasira. Nilizaliwa porini, nikakulia vinywani, nikazikwa kitabuni, na bado nina njaa. Karatasi? Karatasi haili. Mchwa? Unatania. Ndiyo kazi yangu. Nipe mji. Na Nandonde anawaza haraka mji wa mbali, mji usio na watu wake, anakumbuka alikosoma darasa la kwanza mpaka la nne kwa marehemu mjomba wake. Nakupa Masasi. Nilikwenda Masasi, anaanza yule, nikapokewa, nikapewa dawati, na milima ya mawe inachipuka kama magego, tena upande wa kushoto, na darasa, na ubao, na hewani humo ndani kitu kinavuma kama nyuki.

Siyo nyuki. Ni watu wadogo, wa kidole kimoja kimoja, weupe kama muhogo uliomenywa, wana mabawa ya kipepeo na magauni ya hariri na kijiti chenye nyota mkononi, walewale waliokuwa kwenye kile kitabu cha hadithi kilichotoka Ulaya ndani ya sanduku, kitabu ambacho mwalimu alikifungua mara moja kwa mwaka wakakitazama kwa zamu bila kugusa. Nandonde, hata katika shida yake, anapasuka kicheko. Na hawa nao ni majini? Huyu ukimpigia chafya si atafika Newala! Mmoja anatua kwenye ukingo wa dawati. Kwa karibu si mzuri. Mabawa yameshonewa mgongoni, nyuzi zinaonekana, na pale kwenye nyuzi pana majimaji. Cheka, anasema kile kijitu, sauti yake nene ya mtu mkubwa aliyefungiwa ndani ya kopo, cheka, kila mtu anacheka. Sisi tulikuwa na urefu wa milango. Huko kwetu kwenye baridi tulikuwa na vilima vyetu, na mtu akivipita alivua kofia. Mama akizaa aliweka chuma juu ya mtoto, unajua kwa nini? Kwa sababu tulikuwa tunachukua. Tunamchukua wake, tunaweka wetu pale pale kwenye joto, uso uleule, kilio kilekile, mama ananyonyesha hajui. Halafu wakaja wachoraji. Wa kwanza akatupunguza kidogo ili tuenee kwenye ukurasa. Wa pili akaona bado tunatisha watoto, akaongeza mabawa. Wa tatu gauni. Sasa unajua tunafanya nini? Tunatumwa kuokota meno ya watoto yaliyong'oka, wanayoyaweka chini ya mito ya kulalia. Meno? anasema Nandonde. Kwetu meno tunatupa juu ya paa. Basi kwenu bado kuna heshima, anasema kile kijitu, na Nandonde anaona kwamba kinalia, machozi madogo kama chembe za chumvi, na wenzake wote darasani wanavuma, wanavuma, hawawezi kutua pamoja maana dawati haliwatoshi. Anataka kusema pole. Badala yake anageukia mlango, maana amekwishaanza kuona barabara hii inaelekea wapi, na ni nani mchongaji wa mji unaofuata.

Anakimbia. Alama ya mkeka sasa ni mbichi, ukindu mmoja umenaswa kwenye maganda, wa kijani, anaujua, ni wa mkeka ambao Esha alimsukia Somoe. Mwanangu! anaita, na barabara inaitikia kwa sauti yake mwenyewe, iliyogeuzwa. Kitendawili, anasema asiye na uso. Tega, tega, tega upesi! Nimekaa kwako miaka ishirini, hujawahi kunikaribisha hata chai. Ufukara, anasema Nandonde. Siyo. Basi mdogo wake marehemu mke wangu, huyo kakaa sana. Siyo. Nipe mji. Nandonde anapumua kwa shida, jua limeganda, kivuli kimekwisha kabisa, hana tena kivuli, na kwa kuwa anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa, anatania. Miji yangu imekwisha, bwana, anasema, mimi si serikali. Nakupa kwangu. Na mara tu neno linapotoka anakumbuka kofi. Alikuwa na miaka sita, jikoni kwa bibi, wanategeana vitendawili, miji imemwishia, akasema nakupa kwetu, watoto wenzake wakacheka, na bibi, ambaye hakuwahi kumpiga, akamzaba kofi la mdomo. Kwenu hapatolewi, alisema bibi, toa Lindi, toa Unguja, toa Makka ukitaka, watu wa huko watajijua, kwenu hapatolewi hata kwa mzaha. Lakini kofi la miaka arobaini iliyopita halizuii neno la leo. Asiye na uso amesimama tuli, kama mtu aliyesubiri jambo muda mrefu na sasa haamini. Kisha anavuta pumzi. Nilikwenda kwako, anasema polepole. Nikapokewa. Nikakuta banda la nguzo nne. Nikakuta kigoda. Nikakuta mkeka umetandikwa. Nikakaa.

Na ni nyumbani. Banda ni lake, nguzo nne, isipokuwa ile iliyoliwa na mchwa iko upande mwingine. Uwanjani wamejaa wale mashetani wa mpingo. Aliyewachonga ni yeye, anawajua mmoja mmoja, anakumbuka kila gogo, na wao wanamjua, wanasimama wote kwa heshima, kwa kelele za viungo visivyokunjika vizuri. Shikamoo, baba, wanasema, wale wenye midomo. Wa ulimi mrefu ameufunga ulimi kiunoni kama mshipi asiukanyage, na umechubuka wote. Wa jicho moja anasogea, anashika mkono wa Nandonde, anauweka juu ya lile fundo. Baba, hapa panauma, anasema, panauma tangu siku ile. Mwingine ana vichwa viwili, na vichwa vinagombania koo moja. Mwingine hasemi, anafungua tu kinywa, ndani ni mbao tupu. Huyu hali, wenzake wanamweleza Nandonde bila lawama, kama watoto wanavyomweleza baba aliyerudi safari, ulisahau kumchongea koo. Nandonde anafungua mdomo atanie, na kwa mara ya kwanza tangu amzike Hadiya, mdomo hauna kitu. Kinyago ukichonga mwenyewe hakikutishi, watu husema. Waliosema hawakuwa wachongaji.

Somoe yuko kwenye mkeka, macho wazi. Nandonde anapiga magoti, anapitisha mikono chini yake amwinue waondoke, na hawezi, mtoto ni mzito kama gogo la mpingo lililolala majini. Upande wa kichwani kwake amekaa asiye na uso, vidole vyake viko kwenye nywele za Somoe, anasuka na kufumua, anasuka na kufumua. Ni wewe, anasema Nandonde. Ni mimi, na vitendawili vyote vitatu jibu lake ni mimi. Jina lako nani? Nitajie nikupe unachotaka, kila utakachotaka, umwachie. Sina, anasema yule. Bi Nampembe kaniuliza kwa lugha nne nami nikawa na aibu, maana jina linakaa usoni, na uso sina. Mmenivika kwato, mmenivika mabawa, wewe umenivika ndimi arobaini, kila aliyeniogopa amenitundikia woga wake halafu akaniita mimi, na nikivua vyote chini yake hakuna kitu, pitisha mkono uone. Nichongee uso, Nandonde. Mmoja tu, wa mtu. Nitakuwa na jina, nami nitamwachia mkeka. Na mbele ya Nandonde kuna gogo, zuri, halina fundo wala ufa, gogo ambalo mchongaji huliona mara moja maishani, na jua, ambalo halikusogea safari yote, sasa linateremka kama ndoo iliyokatika kamba.

Anachonga. Mkono unakwenda ulikozoea, na kabla hajajua ulimi umetoka, mrefu, umejikunja. Anakata, anautupa. Anaanza upya upande wa pili, na jicho linavimba lenyewe, kubwa kama embe. Anakata. Miaka ishirini mkono umefunzwa kutisha, sasa hauna habari na kitu kingine. Anajaribu uso wa Hadiya, anafumba macho autafute, anapata mtandio, anapata sauti ikimwita chakula tayari, uso hapati, maana miaka ile aliyokuwa naye yeye alikuwa anatazama magogo. Anajaribu wa kwake, anachonga shavu, anachonga meno ya kicheko. Huo nao ni kinyago, anasema asiye na uso kwa upole, na Nandonde anaona ni kweli, anaukata. Jua limegusa miti. Ndipo dole gumba lake linapoanza kwenda lenyewe. Linajua paji la uso lilipo, linajua pale pua inapobonyea, linajua kile kishimo cha kidevuni ambamo masizi hujificha, kwa sababu dole hili limeuosha uso huu kila asubuhi kwa miaka minane, kwa maji ya kopo, huku mwenye uso akilalamika, baba, unanipaka sabuni machoni. Anajua anachonga nini. Anapofika puani anajua, anaweza kuacha. Tezo haiachi. Anabadilisha, anashika patasi, kope moja, kope ya pili, na hapo ndipo ilipo aibu ambayo hatamwambia mtu: anafurahi. Hajawahi kuchonga hivi. Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua, mti umekuwa ngozi, na kwa kitambo kidogo anasahau mtoto yuko wapi, anasahau jua, yupo yeye na kazi tu. Mdomo anaumaliza mwisho. Asiye na uso anauchukua kwa mikono miwili, anauinua, anauvaa kama mtu anavyovaa shati lililofuliwa, na Somoe anamtazama Nandonde kutoka juu ya Somoe. Haya, sema jina lako, anasema Nandonde. Na yule anatabasamu, jino la mbele limepinda kidogo, vilevile. Utaniita mwenyewe, anasema.

Nandonde! Wewe Nandonde, unalala saa hizi, una akili? Ni mkono wa Esha begani, unamtikisa kama mtu anayekung'uta mkeka. Amka, mtoto amekaa! Anafumbua macho. Tezo iko mkononi. Somoe ameketi mkekani, wima, miguu kaikunja, anamtazama, na mtazamo huo si wa ukuta, ni wa mtu anayemwona mtu. Bi Nampembe amechuchumaa kando, jasho linamtiririka, ubani unafuka. Kainuka mwenyewe, anasema, sijui aliyekuwemo katoka au kakubali, jina hakutaja. Mwite wewe, baba mtu. Akiitika, atakayeitika ndiye atakayebaki. Upesi, jua lile! Nandonde anatazama jua. Linazama nyuma ya nyumba ya jirani, jekundu, na yeye, aliyezaliwa hapa, hakumbuki kama huwa linazama upande huo. Anatazama mkono wa Esha unaoshika bakuli, ni wa kushoto, na hakumbuki dada yake hushikia mkono gani, miaka yote hii, hakumbuki. Anamtazama mtoto. Kishimo cha kidevu kipo. Pua imebonyea pale pale. Ni uso mzuri, hauna kilichozidi, hauna kilichopungua, na anashindwa kujua kama anamtazama mwanawe au anaitazama kazi yake. Unangoja nini? Esha anafoka. Mwite, kaka, mwite!

Somoe, anasema Nandonde.

Abee, baba, anasema mtoto mkekani. Na nyuma ya Nandonde, kwenye banda, au mbali kupita banda, kidogo sana, kama sauti iliyo ndani ya gogo, abee, baba. Esha anapiga vigelegele, anaruka, anamkumbatia mtoto, anacheka na kulia, amesikia moja tu. Bi Nampembe anakusanya vyetezo vyake, anafunga kifurushi, anafunga tena fundo lilelile, hamtazami Nandonde usoni. Jua limekwisha. Nina njaa, anasema mtoto, na Esha anamtia Nandonde bakuli la uji mkononi, mlishe, mlishe, siku saba mtoto hajala! Anapiga magoti mkekani. Anachota, anampa, kinywa kinafunguka, kinapokea, joto la pumzi linamgusa vidole. Baba, inaita ile sauti nyuma, sasa inalia, baba, niko huku. Mtoto mkekani anameza, anafungua kinywa tena, anangoja, macho yake hayamwachi. Nandonde anachota kijiko cha pili, anapuliza, anapuliza tena, kwa nguvu, kwa mashavu yote, ili asisikie.